Mfua Shaba wa Buguruni

Sisi tulizaliwa na kulelewa Buguruni, zama zile ambapo baina ya nyumba na nyumba palikuwa bado na minazi na miembe, na Mtaa wa Uhuru ulikuwa ndio njia yetu ya kwendea kila mahali: Kariakoo sokoni, Mnazi Mmoja kwenye sherehe, na baadaye mjini kwenye kazi ya serikali. Leo mtu akiitaja Buguruni, wengi hukumbuka soko na msongamano wa magari. Sisi hukumbuka mlio wa nyundo juu ya shaba. Mlio huo haufanani na mlio wa nyundo juu ya chuma. Chuma hulia kwa ukali na kunyamaza, lakini shaba hulia kwa upole na mlio wake hukawia hewani.

Nyumbani kwetu palikuwa na sufuria moja ya shaba nyekundu, pana, yenye masikio mawili. Ilikuwa mali ya mama yetu, naye alikuwa ameirithi kwa bibi yake. Tukisema ilikuwa mali yake, hatumaanishi kwamba ilikaa kwake. Arusi ikiwa mtaa wa pili, sufuria ilikwenda. Hitima ikisomwa mtaa wa tatu, sufuria ilikwenda. Mwaka 1979, mjomba wetu aliporudi salama kutoka katika vita vya Kagera, pilau ya kumpokea ilipikwa ndani yake, na majirani wote walikula. Kwa hiyo sisi watoto tulifahamu mapema kwamba kuna vitu ambavyo mwenyewe ni mmoja na wenye haki navyo ni wengi.

Kila mwaka, kabla ya msimu wa arusi, tulitumwa kuipeleka sufuria hiyo kwa fundi ili itiwe bati. Huenda wanafunzi wa leo hawajui maana ya jambo hili, basi tulieleze. Shaba ni madini mazuri kwa mapishi, maana hupokea moto upesi na kuueneza sawasawa. Lakini ina ila moja. Ikikutana na ndimu, siki au nyanya, huota kutu ya kijani, na kutu hiyo ni sumu. Ndiyo sababu sufuria ya shaba hupakwa bati upande wa ndani. Bati likichakaa kwa mwiko na ukoko, hupakwa upya. Basi mwenye sufuria ya shaba alikuwa hana budi kuwa na fundi, kama vile mwenye nywele alivyo hana budi kuwa na kinyozi.

Fundi wetu alikuwa na banda lililoezekwa kwa makuti, chini ya mwembe. Hatutalitaja jina lake, kwa kuwa jamaa zake wapo na hatukuwaomba ruhusa. Ndani ya banda palikuwa na fuawe lililochimbiwa ardhini, mivukuto miwili ya ngozi, koleo, nyundo za kila namna, na tanuri dogo la mkaa. Kazi ya kwanza ya kutia bati ni kusugua. Kwa kuwa sufuria ilikuwa kubwa na sisi tulikuwa wadogo, fundi alitia mchanga na majivu ndani, akatuamuru tuvue viatu tuingie. Tulisimama ndani ya sufuria, mikono tukishika nguzo ya banda, tukajizungusha huku na huku kwa nyayo mpaka shaba ikang'aa. Kisha aliipasha moto, akanyunyiza chumvi kali ya mafundi ambayo moshi wake ulitutoa machozi, akagusisha ncha ya bati. Bati lilipoyeyuka alilisambaza kwa tambi la pamba, mkono wake ukizunguka upesi kuliko macho yetu. Sufuria iliyokuwa nyekundu ikawa nyeupe kama mwezi.

Fundi alikuwa Msumbwa, na mama yetu alikuwa Mzaramo. Msomaji anajua kwamba watu wa pwani na watu wa Unyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kwa hiyo hatukupata kupeleka sufuria bila ya kupeleka na maneno.

"Shikamoo babu," tulisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mtani wangu hajambo? Mwambie Mzaramo hajui kupika. Anayepika ni bati langu."

Nasi tuliporudi nyumbani na kuyafikisha maneno hayo, mama alicheka akasema, "Rudi ukamwambie mpagazi huyo, mimi nimemlipa atie bati, sikumlipa atie maneno."

Kwa njia hii tuliijua njia ya banda lile kuliko njia ya chuoni, na pole pole fundi alianza kutufundisha. Somo lake la kwanza tunalikumbuka mpaka leo. Sisi tulikuwa tumefunzwa shuleni methali isemayo samaki mkunje angali mbichi, na nyingine isemayo udongo uwahi ungali maji. Tulimsomea kwa majivuno. Akatikisa kichwa.

"Hayo ni ya samaki na udongo," alisema. "Shaba ina desturi yake. Ukiipiga nyundo hukakamaa. Ukizidi kuipiga hali imekakamaa, hupasuka. Basi usiigombeze. Irudishe motoni mpaka iwe nyekundu, itoe, itie majini, nayo italegea tena kama ilivyozaliwa. Chuma cha pua ukikitia majini kingali moto huwa kigumu. Shaba huwa laini. Na unaweza kuirudisha mara mia. Shaba haina uzee."

Baadaye, tulipokuwa wakubwa, tulisoma katika vitabu kwamba jambo hilo ni kweli kabisa, na wataalamu wa madini wana maelezo yake. Lakini fundi yule hakuwa amesoma vitabu hivyo. Yeye aliyapokea kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake.

Na hapa ndipo tunapotaka kuwakumbusha walimu na wanafunzi jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Wapo wanaodhani kwamba ufundi wa madini uliletwa kwetu na wageni. Ukweli ni kwamba katika nchi ya Katanga watu walichimba na kuyeyusha shaba karne nyingi kabla ya mkoloni. Makaburi ya kale yaliyofukuliwa kule Sanga yametoa vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba, ambavyo vilikuwa fedha ya zama hizo. Watu walinunua navyo na kulipa mahari navyo. Katika karne ya 19, wafanya biashara wa Kisumbwa na Kinyamwezi walivuka Ziwa Tanganyika wakaifuata shaba hiyo. Mmoja wao alikuwa Msiri, ambaye baba yake, Kalasa, alikuwa ameitangulia njia hiyo katika biashara ya shaba. Msiri aliasisi dola ya Garenganze, makao yake makuu yakiwa Bunkeya, na wafuasi wake wakaitwa Wayeke.

Wayeke walikuwa na chama cha mafundi wa shaba. Walikusanya mawe ya kijani wakati wa kiangazi, wakayayeyusha katika matanuri ya udongo, kisha wakaifua shaba kuwa fito. Fito hizo walizivuta katika matundu ya vipande vya chuma, tundu moja likiwa jembamba kuliko lililotangulia, mpaka zikawa nyuzi nyembamba kama unywele. Nyuzi hizo zilizungushwa juu ya nywele za wanyama au nyuzi za mimea, zikawa vikuku na mitali. Kiswahili cha zamani kilikuwa na jina la waya huo mwembamba wa kujipambia: udodi. Na waya mnene wa biashara uliitwa masango. Maneno haya tuliyasikia kwa fundi kabla hatujayaona katika kamusi.

Dola ya Msiri ilikwisha kwa damu. Tarehe 20 Desemba 1891, aliuawa mbele ya nyumba yake na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msafara huo ulitoka pwani yetu, ukapita Tabora, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi wa kwetu. Fundi wetu alikijua kisa hiki kwa mapokeo. Alikisimulia bila ya hasira, lakini alipokimaliza alikuwa kimya kwa muda, kisha akasema, "Waliifuata shaba ileile tuliyoifuata sisi. Tofauti ni kwamba sisi tuliifua."

Nasi watu wa pwani tuna haki ya kujivunia sehemu yetu. Kilwa Kisiwani masultani walitoa sarafu zao wenyewe, na nyingi katika hizo zilikuwa za shaba. Sarafu za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331, zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili zina maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zimetiwa vina. Sisi tunaojaribu kutunga mashairi tulipoijua habari hii tulifurahi mno. Hebu fikiri, msomaji: mtu alikwenda sokoni kununua samaki akiwa na beti fupi kiganjani! Sarafu moja ya sultani huyo imepatikana Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari, na mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Kule Lamu nako ipo siwa ya shaba, iliyosubiwa kwa kalibu ya nta, ambayo ilipulizwa katika sherehe za wakubwa. Mtu aliyeisubu alijua hesabu, alijua moto, na alijua sauti.

Tena angalia lugha yetu ilivyojaa kazi za watu hawa: sinia, tasa, birika, mdila wa kahawa, kinara, mrashi, chetezo, njumu za milangoni. Angalia upatu, ile sahani ya shaba inayogongwa ngomani, na jinsi jina hilohilo tunavyoliita pia mchezo wa kuchangiana fedha. Na angalia kwamba katika miaka ya 1970 nchi ya Zaire, ilipotaka kuubadilisha jina mkoa wake wa Katanga, ilichukua neno la Kiswahili, ikauita Shaba. Jina hilo lilidumu mpaka mwaka 1997.

Sasa turudi Buguruni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipokuwa adimu madukani na watu wakipanga mstari kwa sabuni na sukari, banda la fundi lilijaa. Sufuria mpya hazikupatikana, basi kila mtu alikumbuka za zamani. Wauza kahawa wa Kariakoo walileta midila yao iliyotoboka, naye akaitia lehemu. Shida ya watu wote ilikuwa neema kwake, na mwenyewe aliona haya kusema hivyo. Kisha, kuanzia mwaka 1986, milango ya biashara ilifunguliwa. Zikaja sufuria za alumini nyepesi na vyombo vya chuma kisichoshika kutu, bei yake ndogo, navyo havihitaji bati wala fundi. Hatuwalaumu walionunua; hata sisi tulinunua. Lakini mwaka hadi mwaka nyundo ilisikika kwa nadra.

Adui yake wa pili alikuwa ukosefu wa shaba yenyewe. Siku moja tulikuwa tumekaa bandani, tayari tukiwa watu wazima wenye kazi, akaja kijana mmoja na gunia begani. Alilifungua. Ndani mlikuwa na nyaya za shaba zilizochunwa mpira wake, zinang'aa, nyingi kuliko shaba yote aliyokuwa nayo fundi kwa mwaka mzima. Kijana alitaja bei, na bei ilikuwa ya kutupa.

Fundi alichukua uzi mmoja, akaukunja, akaunyosha. Tuliona jinsi vidole vyake vilivyoupenda.

"Shaba nzuri," alisema. "Imetoka wapi?"

"Mzee wangu, wewe nunua tu."

"Mwanangu, waya huu ulikuwa unapeleka sauti au mwanga kwa watu. Shaba hii ina mwenyewe. Irudishe."

Kijana alicheka, akafunga gunia lake, akaenda zake. Hatuna shaka kwamba alipata mnunuzi kabla ya jua kuchwa. Fundi alibaki na mkaa unaowaka bure. Tulimwuliza kama hakuona uchungu. Akajibu, "Naona. Lakini nikifua mdila kwa simu ya mgonjwa aliyekuwa anaita gari, kahawa yake atakunywa nani?"

Jambo linalotusumbua katika kisa hiki ni mahali kilipotukia. Kituo cha Reli ya TAZARA hakiko mbali na Buguruni. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi mpaka Dar es Salaam, ilijengwa baina ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ili shaba ya Zambia ifike baharini bila ya kupita Rhodesia ya walowezi. Ni kazi ya heshima, na Mtanzania yeyote ana haki ya kujivuna kwayo. Tangu hapo, mabamba ya shaba yamekuwa yakipita mlangoni mwetu yakielekea bandarini, kwa treni na kwa malori ya Barabara ya Mandela. Yote hupita. Yakifika ng'ambo hugeuzwa nyaya na mashine, kisha huturudia yana bei nyingine. Na katikati ya njia hiyo alikaa mtu ambaye mababu zake waliivuta shaba hiyohiyo ikawa nyembamba kama unywele, naye hana hata ratili moja ya halali ya kufulia.

Hapa yatupasa tuungame. Sisi tulikuwa watumishi wa umma, na kazi yetu ilihusiana na utamaduni. Fundi alituomba jambo moja tu. Hakuomba fedha. Aliomba tumtafutie vijana wawili, hata mmoja, wa kujifunza, na njia ya kununua shaba kidogo kwa halali. Tulimwahidi. Tuliandika barua, tukaipeleka kwa mkubwa wetu, nayo ikarudi na swali: je, ufundi huu uko katika fungu gani? Hatukujua fungu lake. Tuliiweka barua katika saraka, tukisema tutaijibu wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi, na mwezi ukawa miaka. Kila tulipokutana naye alituuliza, "Mtani, wale vijana?" Nasi tulijibu, "Wanakuja, mzee." Baada ya muda aliacha kuuliza, na sisi, kwa aibu, tukaacha kupita njia ile.

Habari ya kifo chake ilitufikia kazini. Tulipofika, mazishi yalikuwa yamekwisha. Banda lilikuwa tupu. Jamaa zake, ambao hakuna hata mmoja aliyeshika kazi ile, walikuwa wamemwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Fuawe lilikuwa limeng'olewa ardhini na kupimwa kwa kilo. Mivukuto ilitupwa kwa kuwa ngozi haina bei. Hatukuwa na neno la kuwaambia. Wao walikuwa na deni la hospitali, na sisi tulikuwa na barua ndani ya saraka.

Ila pembeni, karibu na shina la mwembe, tuliiona nyundo moja ndogo yenye mpini wa mpingo, ambayo mnunuzi alikuwa hajaitia mizanini. Ndipo tukakumbuka haki ya mtani. Desturi yetu ni kwamba penye msiba, mtani hunyakua kitu cha marehemu na kukizuia, mpaka wenyeji watoe kitu cha kukikomboa. Tuliichukua nyundo ile, tukapaza sauti mbele ya wafiwa: "Hii ni yetu, mpaka mtukomboe!" Wazee wawili walicheka, kisha mmoja akafuta machozi. Mkubwa wa jamaa akasema, "Chukua, mtani. Sisi hatuna cha kukukomboa, na hatuna wa kuitumia."

Nyundo hiyo iko juu ya meza tunapoandika maneno haya. Sufuria ya mama nayo ipo, bati lake limekwisha, haifai kupikia. Hatujui mtu wa karibu wa kuipeleka.

Ndugu walimu, tunawaomba jambo ambalo halihitaji fungu. Katika kila wilaya wapo bado wahunzi, mafundi lehemu, mafundi wa majiko wa pale Gerezani, na wazee waliopata kushika koleo na mvukuto. Wapelekeni wanafunzi kwao, wala si kwa kutazama tu. Wavueni viatu, waingie ndani ya sufuria. Waandike majina ya vyombo na ya kazi kama fundi anavyoyatamka, maana neno likikosa mkono wa kulitumia hupotea hata kama limo katika kamusi. Na nyinyi wanafunzi, msiogope kwamba mmechelewa. Shaba iliyokakamaa hurudishwa motoni ikalegea, na mwalimu aliyetuambia hivyo aliijua shaba.

Ama nyundo, sisi tunaizuia bado kwa haki ya utani. Atakayetaka kuikomboa asituletee fedha. Atuletee kijana mmoja anayetaka kujifunza, na mzee mmoja aliye hai wa kumfunza. Siku hiyo tutaitoa, na sufuria ya mama tutaitoa pamoja nayo, ikiwa kazi yake ya kwanza.